Niliwapa Wazee wa Ukoo Barua ya London

Nina umri wa miaka thelathini na mbili, na sijawahi kubebwa na mtu. Nilizaliwa Sangailu, nikakua nikichunga ng'ombe wa watu, nikajilipia chuo mwenyewe, nikarudi Garissa na diploma ya afya ya mifugo. Katika ukoo wetu mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo! Duka langu la dawa za mifugo pale mtaa wa Galbet nililisimamisha kwa mikono hii.

Mimi ni mwanamume ninayependa wanaume. Nilimpenda Yusuf, mwalimu wa shule ya msingi hapo Garissa, mzaliwa wa Griftu, mpole, mwenye utani. Kwa miaka mitatu tuliitana "walaal", ndugu, mbele za watu.

Kisha mwalimu wangu wa zamani chuoni, Mwingereza aliyejua siri yetu, akaniandikia barua. Huko London, alisema, kuna tamasha kubwa ambapo watu kama sisi hujaza barabara mchana kweupe, muziki ukipigwa, polisi wakiwalinda... Polisi! Alitualika sote wawili. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege. Tulipanga kila kitu: masweta, viatu, hata nani atatembea upande wa kulia. Yusuf alinicheka: "Na hiyo diploma yako, utaivaa shingoni?"

Yeye alitaka saa moja tu ya kutembea bila kutazama nyuma.

Sisi Wasomali hatupati pasipoti hivi hivi. Kwanza wazee wa ukoo waseme mbele ya chifu kwamba wewe ni wa kwao, na ni Mkenya. Yusuf alinisihi niseme nakwenda kusoma, basi. Lakini mimi niende mikono mitupu? Nikaibeba barua yenyewe, wazee waone stempu ya London! Hawajui Kiingereza, nilijiambia.

Pale kwa chifu alikuwepo binamu yangu Hassan. Aliishia kidato cha nne, nami mara ngapi nimemwambia hadharani kwamba cheti chake kinafaa kufungia nyama! Mzee mmoja akampa barua. "Hassan, soma hii maneno, sisi tufurahi."

Ningeweza kuinyakua. Lakini nilidharau Kiingereza chake... nikamwacha asome.

Alisoma polepole. Kisha akainua macho, akatabasamu.

"Wallahi, wazee, bwana diploma anaenda London kuolewa!"

Akawatafsiria yote kwa Kisomali. Mimi na Yusuf, mkono kwa mkono, barabarani.

Pigo la kwanza silikumbuki. Nakumbuka hangol, ile fimbo ya mchungaji yenye ndoana, ikinivuta shingo hadi nje kama mbuzi. Vijana wa ukoo wangu, ambao nimewatibia ngamia wao, walinipiga kwa mawe na rungu. Mkono ulivunjika, nikausikia! Meno mawili yakadondoka mchangani. Chifu alitazama pembeni.

Hassan akanikanyaga koo. "Waryaa, wewe! Hii Yusuf ni gani? Sema, tunaacha wewe!"

Garissa ina akina Yusuf wangapi? Ningesema ni mtu wa Mombasa. Ningesema amekufa! Mimi, msomi wa ukoo, nikafungua kinywa kilichojaa damu, nikasema: "Mwalimu. Yule wa Griftu."

Wakaniacha kweli. Wakakimbilia shuleni.

Walimburuta kutoka darasani, watoto wakipiga mayowe, wakampasua kichwa kwenye lango. Tulilazwa wodi moja, vitanda vitatu kati yetu. Nilimsikia akimuuliza muuguzi: "Yule mwenzangu, wamemfanya nini?"

Sikuitika. Niliona haya, niliogopa, nikageukia ukutani... Alifariki siku ya pili.

Kwetu mtu akiuawa, ukoo wake hudai damu. Ukoo wa Yusuf ulimzika na kunyamaza. Hakuna aliyeulizwa. Hassan alinunua soda siku ya mazishi, akanywa hadharani.

Niliuza duka, nikahama. Nimefanikiwa tena, maana mimi ni wa kufanikiwa. Lakini ni nani wa kunicheka sasa?

Wasomaji wenzangu, sijutii kumpenda, wala kupanga safari ile. Najutia ulimi wangu na majivuno yangu. Kama unampenda mtu ambaye watu wenu wangemuua, usibebe jina lake ukienda kujisifu. Na wakikulaza chini wakuulize ni nani, meza meno yako, damu yako, na jina hilo pia!

Ukipigwa, pigwa peke yako.