Galaksi ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alimpakia mdogo wake jamu kwenye mkate. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, kwa kuwa akishaanza kusema, hazimiki. Ndiyo maana mwalimu wa sayansi alimchagua yeye awaeleze wazazi, siku watakapotembelea shule, picha ya galaksi mbili za mbali sana. Mikusanyiko hiyo mikubwa ya nyota ilikuwa imesogeleana, ikavutana hadi kila moja ikatoa mkia mrefu wa nyota. Redio aliisubiri siku hiyo kwa hamu kubwa.

Siku yenyewe ilipofika, aliitandaza mezani nyumbani picha aliyoazimwa na mwalimu, ajikumbushe. Mdogo wake akaweka kiganja chenye jamu katikati yake. Redio akafuta haraka haraka, na doa likazidi kutanuka, jekundu, linang'aa. Mwalimu akijua, si atampa mwingine nafasi yake?

"Mwalimu, kumbe ziko tatu," alisema alipofika darasani, amekausha uso. "Hii nyekundu ilikuwa imejificha."

Mwalimu aliguna tu, akaitundika picha karibu na dirisha.

Wazazi walipokaa, Redio alimwaga maneno. Akasema galaksi ya tatu bado changa na ina joto kali. Baba mmoja, fundi cherehani, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwanangu. Mbona nyota za hiyo ya tatu zinatembea?"

Sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka dirishani hadi anga za mbali.

"Zi... zinahama," Redio akaropoka.

"Na hiyo moja imebeba chembe ya mkate?"

Darasa zima likaangua kicheko. Redio aliona aibu, machozi yakamlengalenga.

"Ni jamu, Mwalimu. Mdogo wangu aliishika. Niliogopa utaninyang'anya nafasi."

"Mwanga wa galaksi hizi umesafiri mamilioni ya miaka," mwalimu akasema, "ukatuletea habari bila kuongeza hata nyota moja. Wewe, kutoka kwenu mpaka hapa tu, umeongeza galaksi nzima!"

Hata Redio alicheka. Mwalimu akamshika bega.

"Picha ikichafuka tutachapisha nyingine. Lakini ukizoea kudanganya, hata siku ukisema kweli hatutakuamini. Haya, anza upya, utuambie yaliyopo."

Redio akajipangusa macho, akawapuliza sisimizi, akawageukia wageni.

"Wazazi wetu," alisema, "galaksi ni mbili."