Pete Kumi na Moja za Namba Saba

Jumatatu asubuhi Zlatina, mkaguzi wa vyombo vya kuinulia, aliweka kipimo kwenye mnyororo wa winchi namba saba, akahesabu pete kumi na moja kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa, akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. Mnyororo ulikuwa umerefuka milimita mbili tangu Ijumaa. Chuma hurefuka kikibebeshwa kupita kiasi. Lakini winchi hiyo alikuwa ameifungia mwenyewe kabatini na kadi nyekundu ya marufuku shingoni, na leo aliikuta ikining'inia juu ya usukani wa tishari lililokuwa likitengenezwa, tayari kwa kazi.

Alimwendea Tsvyatko, msimamizi wa karakana. Akamwambia kwamba kuna mtu ana ufunguo wa pili, na kwamba watu wanachomeka bomba kwenye mpini ili wavute zaidi ya uwezo wake. Tsvyatko hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi kulishusha tishari mtoni Danubi Ijumaa ya wiki hiyo, na ahadi ilimnyima usingizi. Alicheka bila furaha.

"Dada Zlatina, wewe ukiachiwa na kipimo hicho, hata mama mkwe wangu utamtundikia kadi nyekundu."

"Mama mkwe wako hainui tani tatu juu ya kichwa cha shemeji yangu."

Shemeji ndiye Kamen, mume wa mdogo wake, aliyefanya kazi chini ya usukani ule. Tangu zege la banda jipya limwagwe alikuwa anakauka. Mkanda wake ulishaongezwa matundu matatu. Madaktari wa mji wa Ruse walimpima damu na mapafu wakasema ni mzima, naye alilijibu hilo kwa kulala kila alipopata pa kuegemea.

Zlatina aliifungua namba saba mezani. Breki ya winchi haitakiwi kuonja hata tone la mafuta, kila fundi analijua hilo. Hii aliikuta imelowa maji meupe yenye harufu ya chokaa mbichi. Aliikausha. Alipoinua kitambaa, ilikuwa imelowa tena. Akasugua meno ya gia, akakaza skrubu, akabadili kilimi cha ndoano, akatukana kimoyomoyo, akaandika kadi nyingine nyekundu na kuifunga kwa waya badala ya kamba. Usiku huo aliifungia kabatini, akalala na funguo zote mbili, wake na ule wa akiba wa ofisini, chini ya mto.

Jumanne winchi ilikuwa juu ya usukani. Waya ulikuwa umesokotwa vizuri kwenye boriti, bila kadi.

Saa sita mchana wanaume walikaa nje wakila mkate, jibini nyeupe na matango. Zlatina alibaki bandani, amechoka kugombana. Ndipo aliposikia tak, ukimya, tak, sauti ya meno ya winchi mtu anapovuta mpini polepole asije akasikika. Mpini ulikuwa umetulia. Mnyororo ndio uliokuwa unashuka wenyewe, pete baada ya pete, na ndoano ilipogusa sakafu haikulala kama chuma kinavyolala bali ilijiburuta juu ya saruji ikinusanusa kama pua ya mnyama kipofu, ikapita mlangoni, ikafika pale Kamen alipoegemea ukuta akisinzia, ikatafuta ukingo wa kivuli chake, ikakipata, ikaanza kukivuta kwa upole, na harufu ya chokaa ikapanda hadi machozi yakamtoka Zlatina, naye akaona kwa macho yake kivuli kikijisogeza kidole kimoja kuelekea bandani ilhali mwenye kivuli hakujitikisa.

Alikanyaga ndoano. Ilikuwa ya moto kama paji la mtoto mgonjwa.

Mzee Penyo, fundi mwashi, alikuwa ameyaona hayo pia, na mkate ulimponyoka mkononi. Zlatina alimvuta kando, na mzee akasema yote kwa sauti ya kunong'ona, akitazama viatu vyake. Jengo lisilo na mlinzi halisimami, alifundishwa hivyo na babu yake. Alitaka kuchinja jogoo kwenye msingi, Tsvyatko akakataa. Basi akafanya kama wazee: alipima kivuli cha mtu bila mwenyewe kujua, ili kipimo kizikwe kwenye zege. Mtu huyo hufa kabla ya siku arobaini, na kivuli chake huwa talasamu, jini wa kulilinda jengo. Kamba hakuwa nayo. Alitumia mnyororo wa winchi iliyokuwa karibu, akautupa pamoja na winchi yake ndani ya zege bichi.

"Na kesho yake wewe ukaja na daftari lako," alisema. "Namba saba haipo, namba saba iko wapi. Ukaifukua."

Zlatina alikumbuka. Aliichokoa kwa koleo, akaiosha, akaikagua, akairudisha kazini, akijisifu kwamba hakuna chombo kinachompotea.

"Kilichofukuliwa hakina nyumba," mzee alisema. "Kinajitengenezea."

"Ni siku ya ngapi leo?"

"Thelathini na nane."

Alimuuliza kama aukate mnyororo. Mzee alisema akiukata, anamkata Kamen. Akiuzika, anamzika. Miaka kumi na tisa aliamini kwamba chombo kibovu ama kinatengenezwa ama kinatupwa, na sasa hiki hakikubali lolote. Alitamani kumpiga mzee yule.

"Kipimo hakifutwi," Penyo alisema, "hurudishwa. Utandaze kwenye kivuli chake, kuanzia kisigino. Lakini mnyororo umeshamzidi urefu. Kinachozidi lazima kipate pa kulala, na kwa atakayekipokea siku arobaini huanza upya."

Walimsimamisha Kamen uani. Hakuuliza, alidhani ni ukaguzi mwingine. Zlatina alitandaza mnyororo pete kwa pete. Kivuli cha adhuhuri kilikuwa kifupi, kikaisha upesi, na pete zilizobaki zikaanza kutambaa zikitafuta kisigino tena.

"Usisogee, shemeji," alisema, akaenda kusimama mwisho wa kivuli kile. Pete zilizozidi zikapanda juu ya cha kwake, zikatulia.

Kamen alipiga miayo, akauliza kama kuna mkate uliobaki. Alikula wote, na wa Tsvyatko pia.

Zlatina alipima. Pete kumi na moja zilikuwa sawasawa kama zilivyotoka kiwandani. Breki ilikuwa kavu. Tsvyatko, aliyetoka ofisini kutafuta mkate wake, alishangaa kuona kadi ya kijani, akamshukuru kwa dhati, akamletea daftari asaini. Vivuli vya wanaume watatu vilikuwa vimejikunja miguuni mwao. Cha Zlatina kilikuwa kirefu kama cha jioni, kimevuka ua wote, na kichwa chake kimeshaingia ndani ya ukuta wa banda jipya.

Daftari lilikuwa na nafasi za wakaguzi wa miezi miwili ijayo. Kwenye mwezi wa kwanza aliandika jina lake. Wa pili aliuacha wazi.