Tangazo Lililofungiwa Ndani

Kila jioni kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani, naye Ndinda alikwenda zake chumba cha kompyuta. Alikuwa Gredi ya Nane katika shule moja mjini Mwingi, na alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanafunzi mwingine aliyekuwa nayo. Alipangusa kiti, maana vumbi la barabara ya Garissa halimsahau mtu, akawasha kompyuta, akafungua tovuti ya wafugaji na kuandika habari za soko la mifugo. Mara nyingi aliandika maneno mawili tu: "Mnada upo." Baada ya hapo alikwenda kumsaidia mama yake dukani.

Usiyacheke maneno hayo kwa udogo wake. Mbuzi wanaouzwa Mwingi hutoka mbali, na wachungaji hutembea nao mchana kutwa, wakalala njiani, wakaendelea. Zamani madalali wakorofi walikuwa na mchezo wao. Walipanda pikipiki, wakawakuta wachungaji njiani na kuwaambia kwa sura ya huzuni kwamba mnada umefungwa, kuna ugonjwa, afadhali wawauzie wao hapo hapo. Watu waliuza kwa bei ya kutupa, kisha wakafika mjini na kukuta soko limefurika. Ndipo Mwalimu Kavindu, aliyefundisha kompyuta, alipowatengenezea tovuti hiyo, na wafugaji wakakubaliana neno moja. Ukiwa njiani, usimwamini mtu wa pikipiki hata akiapa. Amini tovuti.

Mwalimu Kavindu alimpa Ndinda nenosiri kwa sharti moja: aandike matangazo, asiguse kitu kingine. Ndinda aliitikia vizuri kabisa.

Sasa mtoto huyu alikuwa na akili, na alijua kwamba ana akili, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Tovuti aliiona kuukuu. Haikuwa na picha hata moja, na rangi yake ilimkumbusha ukuta wa choo cha shule. Mwalimu Kavindu aliposafiri kwenda mji wa Wote kwa mafunzo ya majuma matatu, Ndinda alipata mahali pengine pa kuiweka, pa bure, penye mapambo mengi. Akasema moyoni kwamba mwalimu akirudi atashangaa. Na kweli alikuja kushangaa.

Tovuti ina vitu viwili. Kuna faili zake, ambazo hukaa kwenye kompyuta iliyo mbali iitwayo seva, na kuna jina lake, ambalo watu huliandika kwenye simu zao. Jina huelekezwa kwenye seva kama unavyomwelekeza mgeni nyumbani kwenu. Siku ya Jumamosi, kwenye chumba cha kompyuta, Ndinda alipakia faili kwenye seva mpya, kisha akaligeuza jina lielekee huko. Hakujaribu kwanza kama faili zinafunguka. Alikuwa na haraka ya kuona uzuri.

Alipofungua, hakuona uzuri wowote. Aliona ukurasa mweupe wenye sentensi moja: "Huna ruhusa ya kufungua ukurasa huu."

Alijaribu tena na tena, ikawa vile vile. Alipofika nyumbani aliomba simu ya mama yake, akafungua tovuti, na lo, ilifunguka. Ilikuwa ile ile ya zamani, na maneno yake yakiwa pale pale, "Mnada upo." Moyo ukamtulia. Akajiambia kwamba kompyuta ya shule ndiyo mbovu. Hakujua kwamba simu hutunza nakala ya ukurasa iliyoufungua zamani, ikakuonyesha hiyo hiyo hata kama mlango wenyewe umeshafungwa. Alikuwa akitazama picha ya juzi na kudhani ni ya leo.

Jumatatu rafiki yake Ismahan alimvuta kando wakati wa mapumziko. Ismahan aliishi na bibi yake, Nyanya Deqa, karibu na soko, na kaka yake Mowlid alichunga mbuzi wao upande wa Nguni. Mbuzi hao ndio waliokuwa shamba lao na kila kitu chao. Ismahan alisema kwamba tangu jana simu ya bibi yake haifungui tovuti, inasema hana ruhusa. Alitaka kujua kuna nini.

"Ni netiweki tu," Ndinda akasema, akaendelea kumenya ndizi yake.

Lakini jioni alikaa mbele ya kompyuta, akabonyeza hiki, akabadilisha kile. Aligeuza jina kwenda seva ya zamani, baada ya nusu saa akaligeuza tena kwenda mpya. Badiliko kama hilo huchukua muda kuenea, pengine siku nzima au zaidi, na yeye hakulipa nafasi. Ikawa simu nyingine zinapelekwa seva ya zamani, nyingine zinapelekwa seva mpya na kufungiwa mlango. Kila alipogusa aliharibu zaidi, na kila alipoharibu aliona haya zaidi kumwambia mtu.

Jumanne adhuhuri ujumbe wa Mwalimu Kavindu uliingia kwenye simu ya mama yake Ndinda. Daktari wa mifugo alikuwa amegundua homa ya mapafu ya mbuzi katika kundi lililoletwa na lori. Mnada wa kesho umefungwa. Mbuzi yeyote asiletwe Mwingi. Mama alimpelekea Ndinda simu hiyo shuleni mbio mbio. Mwisho wa ujumbe mwalimu aliandika, "Weka tangazo sasa hivi, ukishaweka niambie."

Ndinda aliliweka. Aliliandika kwa herufi kubwa, kwenye seva mpya, asikumbuke kwamba simu nyingine bado zinasoma ile ya zamani. Kisha akajaribu kulifungua, na kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa. Akaitazama ile sentensi. Alijua vizuri kwamba tangazo limo ndani na hakuna atakayeliona. Alijua pia kwamba akimpigia mwalimu simu dakika hiyo, mwalimu atapata njia. Lakini atagombezwa, atanyang'anywa nenosiri, na darasa zima litajua. Akaandika: "Nimeweka, mwalimu." Kisha akajiambia kwamba si uongo, maana kweli ameweka.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia.

Jumanne hiyo jioni Mowlid alikuwa njiani na mbuzi wa bibi yake, karibu kundi zima, kwa kuwa malisho yalikuwa yamekauka na ilibidi wengi wauzwe. Mtu wa pikipiki alisimama kando yake, akamwambia arudi, mnada umefungwa, kuna homa ya mapafu. Mowlid aliwajua watu wa namna hiyo. Alimshukuru kwa adabu, akapanda mahali penye mawimbi ya simu, akafungua tovuti kama walivyokubaliana. Simu yake ilipelekwa seva ya zamani, ambako hakuna aliyegusa kitu tangu Ijumaa. Akasoma, "Mnada upo." Akamcheka yule mtu, akaswaga mbuzi wake.

Alfajiri aliwakuta askari wa kaunti wamefunga lango la soko. Nje kulikuwa na makundi mengine yaliyofika bila habari, na mbuzi wa lile lori walikuwa wamefungiwa uani, ua wenyewe ukiwa wa matawi tu. Makundi yalichanganyikana, yakanywea maji pamoja, yakapumuliana usoni hadi yaliporuhusiwa kuondoka. Mowlid akarudi na mbuzi wake wakionekana wazima.

Baada ya juma moja na siku kadhaa wakaanza kukohoa.

Ismahan aliacha kuja shule. Siku ya tatu Ndinda alimfuata nyumbani, na kabla hajafika alisikia harufu ya moshi usiokuwa wa kuni peke yake. Mwalimu Kavindu naye, aliyerudi kutoka Wote asubuhi hiyo, alikuwa ameshafika kuwapa pole. Nyanya Deqa alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba. Mbuzi waliobaki walikuwa wamesimama miguu wametanua, shingo wamenyoosha mbele wakitafuta hewa, na povu likiwatoka puani. Mmoja alilia mara moja, akaanguka. Ismahan hakugeuka hata kumwangalia. Nyuma ya ua wanaume walikuwa wakichoma mizoga shimoni.

Mowlid alitoka huko nyuma akiwa na majivu mikononi. Hakumsalimu mtu.

"Mwalimu, sisi tulikuamini," akasema. "Mtu alinikanya njiani nikamcheka kwa sababu yako. Mjini wanasema madalali wamekununua. Niambie si kweli."

Mwalimu Kavindu alisema kwamba tangazo liliwekwa Jumanne mchana, na kwamba aliyeliweka alimthibitishia. Alisema hivyo bila kumtaja mtu. Lakini macho yake yalikwenda kwa Ndinda, na ya Ismahan pia.

Neno netiweki lilimjia Ndinda hadi kwenye ulimi, jepesi kabisa, na pengine wangelikubali, kwa maana nani asiyeilaumu netiweki? Angenyamaza tu, mwalimu angeondoka pale na jina la mla rushwa, na yeye angeendelea kuwa mtoto mwenye akili. Alimwangalia yule mbuzi aliyeanguka. Miguu yake bado ilikuwa ikitikisika.

"Ni mimi," akasema. "Nilihamisha tovuti bila ruhusa, ikaharibika. Tangazo niliweka mahali pasipofunguka, na nilijua halifunguki. Nilimdanganya mwalimu. Ismahan, na wewe nilikudanganya."

Mowlid aligeuka akarudi shimoni. Ismahan aliingia ndani ya nyumba na kurudishia mlango. Ndinda akalia mpaka kwikwi zikamshika, na Nyanya Deqa akamwacha alie.

Kesho yake Mwalimu Kavindu alimketisha mbele ya kompyuta, akasimama nyuma yake. Hakumnyang'anya kiti. Alimwambia asibonyeze kitu kabla hajajua kwa nini anakibonyeza, na aulize swali moja kwa wakati mmoja. Kwanza, jina linaelekea wapi? Wakaangalia, wakakuta limeelekezwa sehemu mbili zinazopingana. Wakafuta moja, wakabakiza seva ya zamani. Pili, je, faili zipo? Zilikuwepo zote. Wakaweka tangazo jipya hapo, kwamba mnada bado umefungwa. Kisha, kwa ajili ya kujua tu, wakaitazama seva mpya. Ndinda alikuwa amepakia folda nzima, na ukurasa wa kwanza ukabaki umefichwa ndani ya folda nyingine ambako seva haikuutafuta. Na faili zenyewe hazikuwekewa ruhusa ya kusomwa na watu wengine. Marekebisho yote hayakumaliza hata kipindi kimoja cha somo.

Ndinda aliuliza kwa sauti ndogo kama kweli ni hayo tu.

"Ni hayo tu," mwalimu akajibu. "Ungenipigia ile Jumanne, ningekuelekeza kwa simu."

Wakalipa badiliko nafasi lienee, na siku mbili baadaye wakaijaribu tovuti kwenye kompyuta ya jirani, kwenye simu ya mwalimu mkuu, na kwenye simu ya mpishi ambayo haikuwahi kuifungua hata siku moja. Kote ilifunguka. Mwalimu Kavindu alisema kwamba tovuti haijaribiwi kwenye simu ya mwenye nayo peke yake. Ndinda akangoja aambiwe atoe nenosiri. Badala yake mwalimu alimchukua wakarudi kwa Nyanya Deqa, kwa sababu yeye ndiye aliyedhuriwa, na yeye ndiye wa kusema.

Ndinda alipiga magoti mbele ya mkeka. Alisema kwamba yuko tayari kufanya lolote, kuchota maji, kufagia zizi, chochote.

"Zizi halina cha kufagia," Nyanya Deqa akasema. "Mbuzi wangu hawarudi, mjukuu wangu. Ismahan atakwenda kwa mjomba wake Garissa, hapa sina tena cha kumlisha. Hayo yameshapita. Sikiliza hili. Sasa watu hawaiamini tena tovuti, na madalali wanacheka. Iandike habari yote humo, useme iliharibika lini na nani aliiharibu na nani alificha. Weka na jina lako."

Ndinda alimwangalia mwalimu wake, akitumaini atasema jambo. Mwalimu Kavindu alimnyooshea simu yake.

"Kitu kuharibika mkononi mwa mtoto si ajabu," Nyanya Deqa akasema. "Mimi nilivunja vyungu vingi vya mama yangu. Lakini kesho kuna mtu atakuwa njiani na mifugo yake. Hakujui, hataiona sura yako wala kusikia sauti yako. Ana yale uliyoandika tu. Ukiharibu, sema saa ile ile, ukiwa bado unaogopa. Ukingoja mpaka woga uishe, mwenzako atakuwa ameshafika."

Ndinda aliandika pale pale, kwenye simu ya mwalimu, akiwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka. Ilimchukua muda mrefu. Alifuta mara nyingi, hasa mahali palipoanza na maneno "kwa bahati mbaya." Alipomaliza, Mowlid alitoa simu yake mwenyewe, akaifungua tovuti, akasoma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi jina, Ndinda Mutisya, Gredi ya Nane.

Ismahan alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa safari umeshafungwa. Alisikiliza yote. Kisha akaingia ndani kumalizia kufunga godoro lake.