Kikohozi Ndani ya Dohani

Fundi alikuwa akijenga na kukarabati majiko ya bekari. Sigara haikumtoka mdomoni. Ukimwambia aache, alikujibu, "Fundi wa moshi aogope moshi?" Yeye na kaka yake walivuta pamoja tangu ujana, mpaka kaka yake alipofariki kwa saratani ya mapafu.

Asubuhi moja aliingiza kichwa ndani ya dohani ya bekari moja, yaani njia ya kutolea moshi, ili aikague. Jiko lilikuwa baridi. Juu, gizani, mtu akakohoa.

Fundi aliganda. Kikohozi kile alikijua: viwili vifupi, kimoja kirefu. Kilikuwa cha marehemu.

"Kaka?" aliita kwa sauti ndogo. Masizi yakamdondokea usoni.

Alirudi nyumbani uso ukiwa bado na masizi. Mkewe alikuwa uani na jirani yao, nesi wa hospitali. Aliposimulia, hakuna aliyecheka.

"Sijui nani kakohoa," nesi alisema. "Ila mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Shemeji, umeshapimwa kifua?"

"Mimi? Sikohoi, sichoki. Dohani inayovuta vizuri ni nzima!"

Mkewe akamkata jicho. "Dohani za watu unazishushia taa kwa kamba, utafute ufa. Kifua chako unakisifia kwa nje!"

Fundi alijifuta masizi usoni.

"Saratani ya mapafu huanza kimyakimya," nesi alieleza. "Ukisubiri ukohoe damu, mara nyingi umechelewa. Kwa aliyevuta sana miaka mingi, na umri umepita hamsini kama wewe, kuna kipimo cha CT. Unalala, mashine inapiga picha za ndani ya kifua kwa mionzi kidogo. Hakiumi. Hata aliyeacha sigara amuulize daktari."

"Na wakikuta kitu?"

"Si kila kitu ni saratani. Na ikiwa ndiyo, ikiwahiwa inaweza kutibika."

Fundi aliogopa hospitali, lakini dohani ile aliiogopa zaidi. Akaenda. Walikuta kivimbe kidogo kama punje ya dengu. Kilikuwa saratani, bado changa. Akapasuliwa, kikatolewa. Sigara akaziacha kwa msaada wa kliniki, na haikuwa lelemama.

Alipopata nguvu alirudi kwenye bekari ile, akashusha taa ndani ya dohani. Ufa ulikuwepo, juu kabisa, palepale kikohozi kilipotokea.

"Nimepimwa, kaka," alisema.

Alisubiri sana. Hakuna aliyekohoa. Akachota udongo, akaanza kuziba.