Ubani wa Mkesha wa Noeli

Moshi ulikataa kupanda. Petronila alitia ubani kwenye makaa, akauona moshi ukimwagika ukingoni mwa chetezo kama maji, ukatambaa sakafuni kuelekea mlango wa chumba alimolala mtoto. Akadhani ni upepo, ingawa madirisha yote alikuwa ameyafunga kwa sababu ya jua.

Ilikuwa Ijumaa adhuhuri, mkesha wa Noeli ya mwaka 1954, na mtaa mzima wa Mkunazini ulikuwa umenyamaza, wanaume wamo msikitini. Kesho yake ilikuwa Felisita abatizwe, mtoto wao wa kwanza, na Petronila alitaka nyumba hii waliyoipanga juzijuzi inukie kama ya bibi yake, Skolastika: pango la makuti pembeni, na ubani mbele yake, kwa kuwa mamajusi walimletea Mtoto ubani. Chetezo hakuwa nacho. Alikikuta kimoja cha udongo ndani ya daka la ukutani, kimefunikwa kifudifudi juu ya kitambaa cheusi. Akakiosha, akakitumia.

Mumewe, Silvano, aliingia na kikapu cha zana begani. Alikuwa seremala, mtu mpole ambaye hata kuku wa sikukuu alimpa jirani amchinjie.

"Nyumba inanukia harusi. Unamwoza nani leo?"

"Nakuoza wewe kwa mwengine. Nshakuchoka."

Silvano akacheka. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Akageuza shingo kulitazama lile daka, akaitikia kwa adabu, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake:

"Naam."

Hakuna aliyemwita. Akakaa sakafuni, akakunja miguu, na Petronila alipomtikisa hakugeuza macho. Ubani ukaacha kunukia ubani. Chumba kikanuka machinjioni.

Bi Mwanakheir, jirani wa chini, alikuwa ameshaisikia harufu ya ule moshi, akapanda ngazi akitweta. Alipokiona chetezo akashika ukuta.

"Mwanangu, hichi umekitoa wapi?"

Petronila akamweleza. Yule bibi akasema kwa kunong'ona kwamba Mzee Borafya, mwenye nyumba wa zamani, alikuwa na jini wa ukoo. Kila mwaka akimwita kwa ubani katika chetezo hicho hicho na kumnywesha damu ya mbuzi. Alipohamia Uroa akakifudikiza ili jini alale. Mtu wa mjini akikuta chetezo kimefudikizwa dakani hakigusi, lakini nani angemwambia Petronila, aliyelelewa misheni, na wazee wake watu wa Nyasa?

Bi Mwanakheir akatuma aitwe Msabah, mganga, mara tu watu walipotoka kusali. Msabah alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akapiga magoti mbele ya Silvano, akamsalimu huyo aliyemo ndani yake kwa heshima, akamwahidi mbuzi mweusi.

Sauti iliyotoka kinywani mwa Silvano ilikuwa ya kizee, kavu.

"Mbuzi ni wa wenyeji wangu. Hawa si wenyeji wangu. Aliyeniita ana damu yake mle chumbani."

Mganga akanyoosha mkono kumzuia asiinuke. Silvano akaushika, akauvunja kama mtu avunjavyo kuni juu ya goti, akamburura hadi kwenye ngazi na kumsukuma, na kichwa kikasikika kikigonga kila kipandio mpaka chini. Bi Mwanakheir akapigwa kofi lililomtoa damu na jino. Petronila hakungoja zaidi. Alijitupa chumbani, akafunga komeo, akamnyakua Felisita, na pigo la kwanza la tezo, ile ya kuchongea mbao iliyokuwa kikapuni mwa Silvano, likatua mlangoni, kisha la pili, na mbao zikaanza kupasuka, na kila pigo lilifuatwa na ile harufu iliyopenya kwenye nyufa, na nyuma ya harufu pumzi ya mumewe ambayo aliijua na hakuijua, ikihema taratibu, bila haraka, kama anayefanya kazi yake ya kila siku, mpaka ncha ya chuma ikatokeza upande wa ndani na kusimama mbele ya uso wa mtoto.

Akamkumbuka Skolastika. Yule bibi aliuzwa utumwani akiwa mtoto mdogo, na kila Noeli aliwaambia wajukuu neno lile lile: malaika hakuwaambia wachungaji kwamba hakuna la kuogopa. Herode alikuwapo, na panga zake zikinolewa. Waliambiwa wasiogope kwa kuwa Mungu ameshashuka, amelala huko huko panga zinakokwenda. Utotoni Petronila aliiona faraja hii ni mbovu. Sasa hakuwa na nyingine, na hii ilimtosha kusimama.

Akamlaza mtoto nyuma yake. Akaondoa komeo.

Tezo ikamchana bega. Akayumba, asianguke.

"Hukuitwa wewe," akasema. "Ubani ule nilimfukizia Mtoto wa Bethlehemu. Ni wake. Na damu, yeye ameshatoa yake."

Silvano akasita, tezo juu. Ile sauti kavu ikauliza:

"Yuko wapi?"

"Yumo humu."

"Sioni askari wake."

"Hana. Alikuja mchanga, kama huyu. Nawe huyu humpati."

Halafu mwili wa Silvano ukanyakuliwa na kubamizwa ukutani, ukabamizwa tena, chokaa ikamwagika, damu ikamruka puani, na chetezo kikapasuka peke yake. Dirisha likang'oka na bawaba zake na kuanguka kichochoroni, na jua likaingia lote. Silvano akalala chini. Alipofumbua macho aliliona bega la mkewe.

"Nani kakufanya hivi?"

Bi Mwanakheir, akiziba mdomo kwa kanga, aligeuza uso kuelekea ngazini, ambako Msabah alikuwa akigumia, na Silvano akaitazama mikono yake.

Asubuhi ya Noeli kanisa la Minara Miwili lilijaa. Silvano alibaki mlangoni, mikono nyuma. Petronila alikuwa hajalala. Kila mumewe alipokohoa usiku, alimbana mtoto kifuani. Padri alipoita mtoto aletwe, Petronila alikuwa ameshafika naye kwenye kisima cha ubatizo. Akageuka, akarudi mlangoni, bega limefungwa, watu wote wakimtazama.

"Siiamini mikono yangu," Silvano akanong'ona.

"Mshike kichwa," akamwambia.

Akamweka Felisita mikononi mwake. Mikono yake mwenyewe aliibakisha chini ya ile ya mumewe, kisha akaiondoa.