Karibu Kiti

Nilirudi dukani saa kumi na mbili jioni kumalizia kadi za harusi. Hilo tu. Bi Fauzia wa Bongwe alikuwa akimwoza binti yake, kadi alizitaka asubuhi, na mimi Twaiba sijawahi kumvunjia mteja ahadi. Ningejua, ningemwacha Bi Fauzia awaalike watu kwa mdomo.

Duka letu liko Ukunda, nyuma ya soko, chumba kimoja cha kuchapisha na kutoa kopi. Tulikuwa wawili: mimi na Munee, mwanamke wa Kikamba wa Shimba Hills, mcheshi, mdomo haupumziki, rafiki yangu hasa. Nilimtania kila siku kwamba hana adabu. Anaingia bila hodi, wazee wa watu anawaita buda, na shikamoo kwake ni neno la kitabuni. Yeye naye alinitania kwamba hata nikikanyagwa mguu nitasema ahsante. Kweli. Ndivyo nilivyolelewa kwetu Gazi, na nilikuwa nikijivunia.

Wiki hiyo tajiri wetu, Harrison, alileta kompyuta ya pili. Aliinunua katika nyumba moja kuukuu kule Msambweni, ambayo wenyewe walikuwa wakihama kwa haraka. Ya nani, hakuuliza. Ilikuja bila skrini, bila kibodi, bila kipanya. Harrison ana mkono wa birika. "Mtatumia hizi hizi," akasema, akaweka mezani kisanduku cheusi chenye kitufe kimoja na taa mbili. Kompyuta zote mbili zikaunganishwa hapo. Ukibonyeza... ta! Taa ya kwanza, skrini inaonyesha kompyuta yangu. Ukibonyeza tena... ta! Taa ya pili. Skrini ileile, kibodi ileile, lakini sasa uko ndani ya kompyuta ya Munee. Skrini moja, kwa hiyo na kiti kimoja. Tukawa tunapishana.

Jambo moja lilinisumbua tangu siku ya kwanza. Ukiwa kwenye hii, ile nyingine haizimiki. Inaendelea na shughuli zake. Ila huioni.

Kadi za Bi Fauzia zilikuwa kwenye kompyuta ya pili. Munee alikuwa ametoka kununua bajia. Jua linazama, adhana ya magharibi bado kidogo. Nikafungua kadi. Chini ya jina la bibi harusi palikuwa na neno ambalo sikuliandika.

*hodi*

Nikajua ni Munee na mizaha yake. Nikalifuta, nikaendelea kupanga herufi za dhahabu.

Ta.

Kisanduku kilijibonyeza chenyewe. Taa ya kwanza ikawaka. Nikairudisha kwenye ya pili. Kadi ileile, na chini ya jina...

*hodi hodi*

Kisha harufu. Marashi mawardi, yale ya kunyunyizia wageni, mazito, kana kwamba mtu amemwaga chupa nzima chini ya meza. Nikainama. Palikuwa na nyaya tu, na feni ya ile kompyuta ikivuma. Niliogopa, sitaficha. Lakini ndani ya woga ule mlikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyoniponza. Mtu anabisha, wewe unamfuta!

Mikono yangu ilikuwa mapajani nilipoiona herufi ya kwanza ikitokea. Polepole. Moja... moja... kama mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja.

*hodi wenyewe*

Hodi ya tatu. Kwetu kila mtoto anajua: mgeni hubisha mara tatu, na asipoitikiwa huenda zake kwa amani. Ningenyamaza tu. Ningeng'oa waya. Badala yake vidole vyangu vikaandika jibu nililolitoa maisha yangu yote, tena kwa ukamilifu wake.

*Karibu. Karibu kiti.*

Feni ikanyamaza. Ta. Taa ya kwanza ikawaka.

Niliruka kutoka kitini nikaenda kujibana ukutani. Mlango ukafunguka kwa kishindo, roho ikaniruka... Alikuwa Munee, na bajia zake kwenye gazeti.

"Mbona umesimama hapo ka askari? Sogea bana, ni zamu yangu. Nataka kumaliza niende nimwone Mercy." Mercy ni binti yake, ana miaka minne.

"Munee, usi..."

Akaketi.

Ta. Taa ya pili.

Bajia zikaanguka sakafuni. Mabega yake, ambayo siku zote huyakunja, yakanyooka. Akaweka mikono mapajani, akageuza shingo taratibu, akanitazama kama mgeni anavyoitazama nyumba aliyofikia.

"Ahsante kwa kiti, bibi," akasema. Sauti ilikuwa ya Munee. Kiswahili hakikuwa chake. Kilikuwa cha wazee wa Msambweni, kila neno limetimia. "Nimebisha milango mingi. Hapana aliyeniitikia. Wewe umelelewa."

Nje adhana ikaanza.

Ta.

"Aki Twaiba," Munee akauliza, akitazama chini, "nani amemwaga bajia zangu?"

Huu sasa ni mwezi wa nne. Mwanzo zilikuwa dakika mbili tatu, kisha saa nzima, kisha nusu siku. Mama yake Munee, Mama Kaindi, akaja kumchukua, akamrudisha nyumbani Shimba Hills. Kanisani wamemwombea. Hospitali vipimo vyote vimetoka safi. Kinachonikata maini ni yule mtoto. Kuna asubuhi Munee anamsuka nywele, na katikati ya msuko mikono inasimama, kisha mtu mwingine anauliza kwa upole, "Mtoto wa nani huyu?" Siku hizi Mercy analala na bibi yake, na akimwona mama yake anakuja, anajificha kwanza mpaka ahakikishe ni nani.

Sikumwambia mtu yeyote nilichoandika. Nilikwenda Gazi tu, kwa shangazi yangu Mbeyu, ambaye ujanani alicheza ngoma za pepo na sasa anaotesha mikoko na wanawake wenzake. Nilimkuta akijaza udongo kwenye vifuko vya miche. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote. Nilipofika kwenye maneno yangu mawili ya mwisho, mikono yake ikasimama.

"Mwanangu, mtu apandwaye na pepo huitwa nani?"

Nikafikiri. Kisha nikakumbuka. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, watu wazima wakinong'onezana, ngoma zikipigwa nyuma ya nyumba. Huitwa kiti. Kiti cha pepo.

"Wewe ulidhani unamwambia aketi," shangazi akasema kwa sauti ya chini. "Yeye alisikia, karibu, hapa pana mtu, mchukue. Wewe ukaruka. Akamchukua wa kwanza kukaa."

"Ni nani huyo, shangazi?"

"Mimi simjui. Labda kiti chake cha zamani kilikufa katika nyumba ile, na wenyewe wakamkimbia. Labda si hivyo." Akapangusa udongo mikononi. "Ninalolijua ni kuwa aliyemkaribisha ndiye awezaye kumtoa. Lakini hatatoka akasimame barazani, Twaiba. Atakuuliza aende akakae wapi."

Jioni ile ile nilifungua duka kwa ufunguo wangu. Nilikaa. Nilibonyeza. Taa ya pili ikawaka na kadi ilikuwa pale pale, ingawa harusi ilishapita zamani. Nikaandika: *Tafadhali ondoka. Mwache mwenzangu.*

Marashi tena. Kisha herufi... moja... moja...

*Nitaondoka. Kiti kingine kipo?*

Kijistari kikawa kinawaka na kuzimika mbele ya swali, kinangoja. Jibu lilikuwa herufi nne tu. *Mimi.* Ningeliandika, Munee angeamka mzima na Mercy angerudi kulala na mama yake. Nilimpenda Munee. Bado nampenda. Nikaandika M. Nikaandika I. Halafu nikamfikiria mama yangu mwenyewe ananiletea chai asubuhi, na mimi ninamwuliza kwa adabu yeye ni nani.

Nikazifuta zote mbili. Nikabonyeza kitufe, nikarudi kwenye kompyuta yangu, nikafunga duka nikaenda nyumbani.

Jana nilikwenda Shimba Hills. Mama Kaindi alinipokea kwa machozi, akaniambia Mungu anibariki, mimi ndiye rafiki pekee aliyebaki. Akaenda jikoni, akatuacha wawili. Munee alikuwa amelala chali, amekonda, midomo imepasuka. Akanishika mkono, na alikuwa yeye. Yeye mwenyewe.

"Twaiba," akanong'ona, "huyu buda anasema ni wewe ulimwita. Ati ni wewe tu unaweza kumwambia atoke." Machozi yakamtiririka hadi masikioni. "Si umwambie? Tafadhali. Mercy ananiogopa."

"Nimemwambia," nikasema. "Nimemsihi, wallahi. Amekataa."

Akanitazama machoni. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, akaamini. Mtu ambaye kila siku alinicheka kwa uungwana wangu, aliamini neno langu. Akafumba macho akaanza kulia bila sauti, na mimi nikakaa pale nikimpapasa nywele.

Kilio kikakatika.

Macho yakafunguka. Yakanitazama kwa upole mkubwa, na ile mikono iliyokonda ikaufunika wangu. Akageuka kwanza kuelekea jikoni, akasikiliza, kuhakikisha kwamba mama wa watu yuko mbali.

"Ahsante, bibi," akaninong'oneza. "Umenisitiri."