Magoli ya Upande wa Mto

Alhamisi asubuhi, Agosti 1996, Maroa alifika uwanjani Migori na ndoo ya chokaa mkononi, akakuta magoli ya upande wa barabara hayapo.

Alitua ndoo. Upande wa mto magoli yalisimama kama kawaida: milingoti miwili ya mkaratusi, iliyopakwa rangi nyekundu chini, na mti wa kukingama katikati. Upande wa barabara, patupu. Sasa jamani, mtu huiba kuku, huiba baiskeli, hata nguo kwenye kamba huiba. Nani huiba magoli ya raga, tena ya upande mmoja?

Maroa alikuwa Mkuria wa Kegonga, mpelelezi mstaafu wa polisi. Raga aliijulia kazini Nairobi, na alipostaafu akaileta Migori mwaka 1989. Watu walimcheka: wanaume wazima wanakumbatiana matopeni wakigombea yai! Lakini vijana walikuja, klabu ikaitwa Viboko, na kuna mwaka iliwapiga Kisumu kwao wenyewe. Kisha mazishi yakaanza. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Katika picha ya timu ya kwanza walikuwa wamebaki wawili, nahodha Levis na Japheth, na Japheth naye alikuwa amefariki Jumatatu.

Msimu huo Viboko walikuwa wamekosa kufikisha wachezaji kumi na watano, si mara moja. Chama cha raga kilisema wazi: mechi ya Jumamosi na Kisumu isipochezwa hapo Migori, klabu inafutwa. Maroa alikuwa mjane asiye na mtoto. Viboko wakifutwa, hakuwa na pa kwenda tena.

Alipiga magoti akakagua. Milingoti haikukatwa, iling'olewa. Mashimo yalikuwa yamefukiwa, yakashindiliwa, na majani yakarudishwa juu. Magunia ya kuzuia wachezaji wasiumie yalikunjwa vizuri, yakawekewa jiwe. Pembeni kulikuwa na unga wa mbao wenye chembe za rangi nyekundu, vilima vidogo vidogo. Kutoka kimoja hadi kingine, yaani urefu wa kila kipande kilichokatwa, Maroa akijilaza pangemtosha na mkono kidogo juu ya kichwa.

"Mwizi mwenye adabu," alinong'ona. Hakupenda maneno hayo yalivyosikika.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Ryoba, kinyozi na mwenyekiti wa timu ya kandanda, iliyotumia uwanja huohuo. Alikuwa akimnyoa mteja.

"Ryoba, wiki jana ulisema nini mbele ya watu?"

"Nilisema magoli yenu yanatuzibia njia. Hata sasa nasema."

"Ulisema utayang'oa."

"Afande, mimi ning'oe, niache ya mto ya nini? Ningeng'oa yote mchana kweupe, na ngoma nipige!"

"Na mashimo ungeyafukia?"

"Mashimo? Shauri yenu, mvunjike miguu."

Mteja alicheka. Maroa hakucheka, maana jibu lile lilikuwa la kweli tupu. Akamtoa Ryoba kichwani.

Wa pili alikuwa Onyancha, muuza miti sokoni, ambaye aliwahi kuyatamani magoli yale mbele ya watu. Maroa alipekua miti yake mmoja mmoja. Yote ilikuwa na magome, hakuna wenye rangi.

"Umeridhika?" Onyancha aliuliza kwa hasira. "Vipande vyenyewe vina urefu gani?"

Maroa aliinua mkono juu ya kichwa.

"Hizo si kuni, wala si mbao za seremala. Hizo ni nguzo za nyumba. Lakini huyo anajenga nyumba gani ya haraka hivyo? Mimi miti yangu hutoka Kegonga kwa kuagiza. Hata wewe nikikuagizia sasa hivi ile mirefu ya magoli, ni wiki ijayo."

Wiki ijayo! Maroa aliondoka; mechi ilikuwa keshokutwa.

Aliwasha pikipiki, akaenda kwenye kizuizi cha polisi, barabara ya Karungu. Koplo Nyamoita, aliyewahi kuwa chini yake, alimpigia saluti ya utani, akasikiliza habari ya magoli.

"Miti bila kibali haipiti hapa, Afande."

"Leo alfajiri kuna gari mliloliachia bila kukagua?"

"Hakuna. Labda ile pikapu ya maiti ya kijana wenu, Japheth, ikienda kwao Kisegi. Imefungwa matawi mbele, watu wanaimba. Nifunue jeneza, mimi?"

"Na chini ya jeneza kulikuwa na nini?"

"Sikutazama, Afande."

Maroa alikaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Nani hufukia shimo usiku, mguu wa mtu usije ukavunjika? Nani hukunja magunia? Na ni nani aliyepanda pikapu ile kumsindikiza Japheth? Levis, bila shaka, na jibu hilo lilimchoma. Jumatano mazoezini, jua likiwaka, alimwona amekaa pembeni na jaketi, na kijana akajitetea kuwa ni homa ndogo tu.

Ijumaa adhuhuri alifika Kisegi. Bomani kwa kina Japheth kulikuwa na kibanda kipya cha duara, kuta bado hazijakandikwa udongo. Nguzo moja karibu na mlango ilikuwa na rangi nyekundu. Levis alikaa kivulini, jaketi mwilini, mikono imejaa malengelenge. Maroa hakumsalimu.

"Nani aling'oa magoli?"

"Mimi, Mzee."

"Peke yako?"

"Dereva alinisaidia kupakia. Kung'oa ni mimi."

Maroa aliishika ile nguzo nyekundu kwa mikono yote miwili. "Kesho Kisumu wanakuja. Wajua watatufuta? Miaka yote ile, Levis! Nikizing'oa sasa hivi, niziunge kwa vyuma, nitakuwa Migori kabla ya usiku."

Rispa, mama yake Japheth, alitoka jikoni akiburuta kigoda. Alikiweka karibu na Maroa.

"Keti, baba. Ukitaka kung'oa, ng'oa, mimi sina nguvu ya kukuzuia. Lakini sikia kwanza. Mwanangu alikwenda Migori kijana, hakujenga hapa. Kwetu mwanamume mzima hapelekwi kaburini kama hana nyumba. Atatoka wapi? Ndugu zake wana miti, hiyo pale unaiona. Walikataa hata mmoja usikatwe, kwa sababu ya kile alichokufa nacho."

Maroa hakuketi. Aliiachia nguzo, akamgeukia Levis.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekubali."

"Sasa?"

"Ungekubali, halafu ungebaki ukijua ni wewe uliyeimaliza Viboko kwa mkono wako. Nikaona afadhali umchukie mwizi."

Maroa alimtazama kijana huyo ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika mpira. Shingo ilikuwa imekwisha ndani ya kola. Lilibaki swali moja, lile la tangu Alhamisi, na hakulitaka, ila upelelezi ulikuwa mwilini mwake.

"Na yale ya upande wa mto? Ulichoka?"

Levis alitikisa kichwa.

"Kwetu Rusinga ni mawe matupu, Mzee. Miti hakuna. Na mimi pia sijajenga." Alitazama mikono yake. "Nilisema nikuachieni hayo, siku yangu ikifika msihangaike."

Maroa aliketi juu ya kigoda, akalia mbele za watu, mzee mzima.

Jumamosi Japheth alizikwa, akitolewa mlangoni kwake. Maroa hakuwepo; alikuwa uwanjani Migori, kwani lazima mtu awapokee wageni. Kisumu walishuka kwenye basi lao. Refa alitazama upande wa mto, akatazama upande wa barabara, akampa mkono. "Pole, Mzee," alisema. Nusu saa haikupita, basi lilikuwa limeondoka, na Viboko hawakuwepo tena.

Ryoba alikuja akikanyaga mistari ya chokaa. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Pole, Afande. Sasa raga ndiyo imeisha. Kesho niwaambie vijana wangu wang'oe haya ya mto?"

"Usiyaguse."

"Klabu haipo. Ya nani tena?"

Maroa aliinama akachukua ndoo yake.

"Yana mwenyewe," alisema. "Bado hajayahitaji."